Uzee Mwema Hupikwa Mapema

Kengele ya chakula cha mchana ilikuwa imekwisha kulia nilipowasili katika shule moja ya bweni ambako nilialikwa kuzungumza na wanafunzi juu ya uandishi wa insha. Nikiwa nangoja saa yangu, niliketi na mwalimu mwenyeji wangu chini ya mjakaranda tukitazama foleni mbili za wanafunzi. Foleni ya kwanza ilielekea jikoni, kwenye sufuria kubwa la githeri. Ya pili, ambayo urefu wake ulikuwa mara dufu ya ile ya kwanza, ilielekea kwenye duka la shule, kwenye mandazi, biskuti, krispi na soda. Kijana mmoja alipita mbele yetu na sahani iliyojaa, akaimwaga githeri yote katika pipa la makombo, kisha akajiunga na foleni ya pili. Mwalimu alipomwita na kumwuliza sababu, alijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, hicho ni chakula cha watu wa zamani."

Mwenyeji wangu aliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimepita kumjulia hali mzee aliyenifundisha hisabati nilipokuwa kinda wa shule. Alistaafu miaka mitatu iliyopita baada ya kutimiza umri wa miaka 60. Juu ya meza yake palikuwa na kikapu cha kusukwa, na ndani yake tembe za shinikizo la damu, tembe za kisukari, na nyingine ambazo sikuzitambua. Miguu yake imekufa ganzi na macho yamefifia. "Nilivumilia miaka thelathini na mitano nikingoja kupumzika," aliniambia. "Sasa wakati wa kupumzika nimeupata, ila mwili wa kupumzikia ndio nimeukosa." Na aliyetuletea uji alikuwa mama yake mzazi, bi mkongwe aliyepita miaka tisini, ambaye alikuwa ametoka kuchuma kunde shambani. Mama wa miaka tisini anamuuguza mwanawe wa miaka sitini na mitatu! Nilitoka pale na fundo kooni.

Najua vyema kwamba bi kizee mmoja si ushahidi wa jambo lolote. Wapo waliokula vyema wakafa wangali vijana, na wapo walevi waliozika rika zima. Lakini picha ile ya mama na mwana iliniuma kwa kuwa siku hizi si ya ajabu katika vijiji vyetu. Hebu basi tuulize: Je, uzee ni jambo la miaka peke yake? Au kuna kitu kingine kinachouharakisha au kuuchelewesha, kitu ambacho yule kijana alikimwaga pipani bila kufikiri?

Jibu la swali hili limetafutwa kwa muda mrefu, na itawashangaza wengi kujua kwamba sehemu kubwa ya utafutaji huo ilifanyika papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akihudumu hospitalini katika eneo lililoitwa wakati huo Kavirondo Kusini, upande wetu wa Nyanza, alichapisha makala katika jarida la tiba la *The Lancet*. Alikuwa amepima shinikizo la damu la Waafrika wapatao 1,000. Huko Ulaya ilijulikana kwamba kadiri mtu anavyozeeka ndivyo shinikizo lake linavyopanda, na watu wakaamini kuwa hiyo ni sheria ya maumbile. Donnison alikuta mambo tofauti. Kwa watu aliowapima, shinikizo halikuendelea kupanda baada ya miaka 40, bali lilielekea kushuka. Kumbe kile kilichodhaniwa kuwa ni uzee kilikuwa ni namna ya kuishi!

Mwaka huo huo wa 1929 aliwasili Kenya daktari mwingine, Hugh Trowell, ambaye baadaye alihamia Uganda na kufanya kazi huko hadi miaka ya hamsini. Trowell aliweka kumbukumbu za magonjwa aliyoyaona, na muhimu zaidi, ya yale ambayo hakuyaona. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja aliyeugua ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu! Jambo hilo lilikuwa adimu kiasi cha kustahili kuandikiwa makala. Leo hii daktari wa Nairobi au Kampala akiandika makala kwa kila mgonjwa wa namna hiyo, hatapata wasaa wa kumtibu hata mmoja.

Wa tatu alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Burkitt alitambua kwamba wagonjwa aliowapasua hospitalini Mulago hawakuwa na maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza: bawasiri, kidole tumbo kilichooza, saratani ya utumbo mpana. Alijiuliza sababu, na akaitafuta mahali ambapo mabwana wakubwa wa sayansi wangeona aibu kutazama, yaani katika kinyesi. Yeye na wenzake waliwapa watu vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa eksirei, wakahesabu saa ambazo vilichukua kusafiri kutoka mdomoni hadi chooni. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972 yalionyesha kwamba kwa wanamaji wa Uingereza safari hiyo ilichukua takriban saa 83, na choo chao cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 104 kwa wastani. Kwa wanavijiji wa Uganda ilichukua takriban saa 36, na uzito ulikuwa gramu 470. Tofauti hiyo Burkitt aliihusisha na nyuzinyuzi, yale makapi ya nafaka, kunde, mboga na mizizi ambayo viwanda vya Ulaya vilikuwa vikiyaondoa kwa bidii ili unga uwe mweupe.

Burkitt alidhani kazi kubwa ya nyuzinyuzi ni kufagia. Leo tunajua kwamba zinafanya makubwa zaidi ya hayo. Utumbo mpana usiufikirie kuwa ni mfereji wa taka tu. Ni boma, na ndani yake mna mifugo isiyohesabika: matrilioni ya bakteria ambao idadi yao inakaribia ile ya chembechembe zote za mwili wetu wenyewe. Wanga na sukari nyepesi humezwa na mwili katika utumbo mwembamba, kwa hiyo mifugo hiyo haipati kitu. Lakini nyuzinyuzi hatuwezi kuzisaga, maana hatuna vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo. Hivyo zinafika zikiwa nzima katika utumbo mpana, na huko bakteria huzila na kuzichachusha jinsi uji wa wimbi unavyochachushwa katika kibuyu. Kutokana na uchachushaji huo hutoka asidi kadhaa, mojawapo ikiitwa butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha chembechembe zinazoufunika utumbo mpana kwa ndani. Kwa maneno mengine, ukila maharagwe unawalisha bakteria, nao bakteria wanaulisha ukuta unaokukinga.

Sasa fikiria mifugo isipolishwa. Mfugaji yeyote atakuambia kwamba ng'ombe mwenye njaa huvunja boma. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016 yalidhihirisha hivyo hasa. Panya waliponyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao waligeukia ute unaoupaka ukuta wa utumbo, wakaanza kuula. Ute ukawa mwembamba, na viini vya maradhi vikaukaribia ukuta. Ukuta wa namna hiyo ukilegea, vipande vya bakteria huweza kupenya na kuingia katika damu, na askari wa mwili hawalali tena.

Hapa ndipo tumbo linapokutana na uzee. Mwiba ukikuchoma kidoleni, mahali pale huvimba, huwa pekundu, na huwaka moto. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni, na ni kazi njema ya kinga ya mwili, mradi izimike baada ya siku chache. Lakini kuna mwako mwingine mdogo, usio na maumivu, usiozimika kwa miaka na mikaka. Mwako huo unaitafuna mishipa ya damu, unaudhoofisha uwezo wa mwili kutumia sukari, unaiharibu misuli, na hata ubongo hausalimiki. Mwaka 2000 mtaalamu wa Italia, Claudio Franceschi, na wenziwe waliubunia jina la pekee lililounganisha neno la mwako na neno la uzee, kwa kuwa waliona ni mojawapo ya mambo yanayomzeesha binadamu. Mvi na makunyanzi ni mambo ya ngozi tu. Uzee wenyewe ni moto huu unaofuka chini ya majivu.

Wazo la kwamba uzee unahusiana na tumbo si jipya. Elie Metchnikoff, aliyekuwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, alisema kwamba bakteria wabaya wa utumbo mpana hutoa sumu inayotuzeesha. Alisifu maziwa ya mgando ya wakulima wa Bulgaria, akayanywa mwenyewe. Alikosea mengi, maana aliuona utumbo mpana kuwa kiungo kisichofaa kitu, naye hakuishi miaka mia bali alifariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 71. Hata hivyo, mlango aliougonga ulikuwa ndio.

Karne moja baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la samaki wadogo ambao asili yao ni vidimbwi vya msimu vya Zimbabwe na Msumbiji. Samaki hawa huishi miezi michache tu, kwa hiyo huweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa mbele ya macho ya mtafiti. Watafiti waliwachukua samaki wa makamo, wakawaondolea bakteria wao kwa dawa, kisha wakawapa bakteria kutoka matumboni mwa samaki vijana. Samaki hao waliishi muda mrefu zaidi kwa zaidi ya theluthi moja kuliko wenzao, na walikuwa wakiogelea kwa nguvu katika umri ambao wengine walikuwa taabani.

Binadamu si samaki, nakiri. Nchini Ireland, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwachunguza wazee 178. Wale waliokaa katika nyumba za kutunzia wazee, wakila vyakula vya aina chache, walikuwa na bakteria wa aina chache vilevile, na ndio waliokuwa dhaifu zaidi na wenye dalili zaidi za ule mwako. Wale waliobaki majumbani mwao wakila vyakula anuwai walikuwa na bakteria anuwai na afya bora. Mwanafunzi hodari wa sayansi ataniuliza hapa: Je, ni bakteria waliowadhoofisha wazee, au ni udhaifu uliowabadilisha bakteria? Swali zuri sana. Ili kulijibu, hatuna budi kubadilisha chakula na kutazama kitakachotokea.

Jaribio la namna hiyo lilichapishwa mwaka 2015. Watafiti waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa KwaZulu nchini Afrika Kusini, wote wenye umri wa kati ya miaka 50 na 65, wakawabadilishia chakula kwa majuma mawili. Wamarekani walipanda kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi gramu 55, na wanakijiji walishuka kutoka gramu 66 hadi 12, huku wakiletewa nyama na mafuta kwa wingi. Katika majuma mawili tu, butirati ya Wamarekani iliongezeka mara mbili na nusu, na ya Waafrika ikapungua kwa nusu. Dalili za mwako katika ukuta wa utumbo zilipungua kwa upande mmoja na kuzidi kwa upande wa pili. Majuma mawili, msomaji, ni muda mfupi kuliko likizo ya Aprili.

Karibu na nyumbani zaidi, mwaka 2025 wataalamu wa Moshi, nchini Tanzania, na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha vijana wa kiume 77 wa eneo la Kilimanjaro. Baadhi yao, waliozoea vyakula vya kijijini vya nafaka nzima, ndizi, kunde na mboga, waliletewa vyakula vya kimagharibi kwa majuma mawili. Wengine, wa mjini, walirejeshwa kwenye vyakula vya wazee wao. Kundi la tatu lilipewa kwa juma moja mbege, kile kinywaji kilichochachushwa cha ndizi na ulezi. Waliohamia chakula cha kimagharibi, damu yao ilionyesha kuongezeka kwa dalili za mwako, na chembe zao za kinga zikawa goigoi zilipokabiliana na viini vya maradhi. Waliorudi kwenye chakula cha asili na waliokunywa mbege, mwako ulipungua. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa yangalipo majuma manne baadaye. Na hawa hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wenye afya njema, hirimu za wanafunzi wetu wa vyuo.

Ukiyaweka hayo kando ya utafiti mkubwa uliochapishwa katika *The Lancet* mwaka 2019, uliojumlisha uchunguzi wa miaka mingi kutoka nchi mbalimbali, picha hukamilika. Watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana uwezekano wa kufa mapema uliopungua kwa asilimia 15 hadi 30 wakilinganishwa na wanaokula kidogo, na kiasi kinachofaa ni angalau gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina takriban gramu 15. Kipande cha mkate mweupe hakifiki hata gramu moja. Soda haina kitu. Yule kijana wa pipani alikuwa amemwaga nusu ya kinga yake ya siku nzima, akaenda kununua ufa.

Hapa kuna hatari ya kuteleza, nami sitaki kumtelezesha mtu. Sisemi kwamba zamani ilikuwa pepo. Wakati wa Donnison na Trowell watoto walikufa kwa surua, malaria na utapiamlo, na akina mama walikufa wakijifungua. Trowell mwenyewe alitumia miaka mingi akipambana na utapiamlo wa watoto. Chanjo, maji safi na dawa vimetuongezea umri, na anayewaambia watu watupe tembe zao wale mboga ni mwuaji. Wala si kila cha asili ni salama. Mahindi yaliyovunda kwa unyevu yalileta sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125 katika sehemu za Ukambani mwaka 2004. Watafiti wamepata katika mursik, maziwa ya mgando tunayoyasifu kwa wanariadha wetu, viwango vya juu vya asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Pombe nayo haiwi dawa kwa sababu mbege ilifanyiwa utafiti. Tuchague kwa akili, tusichague kwa kiburi cha kabila wala kwa kiburi cha usasa.

Lakini tukikiri hayo yote, bado jambo moja halifutiki. Tumepata miaka zaidi ya kuishi, na wakati ule ule tunaitupa chini ile afya ambayo ingetuwezesha kuifaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban asilimia 94 ya Wakenya watu wazima hawakula matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Hii ni nchi ya managu, terere, saga, mrenda, kunde na mito! Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akituonyesha thamani ya mboga hizi tulizoziita magugu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika chakula, maneno yao yamethibitika kwa namna ya kusikitisha: soda hujitembeza kwenye mabango ya kila barabara, na managu hukaa kimya kwenye kikapu cha mama sokoni, yakingoja mwenye macho.

Kwa nini basi nawaandikia walimu na wanafunzi, na si wazee? Kwa sababu samaki hukunjwa angali mbichi. Mwenye miaka sabini anaweza kufaidika kwa kubadilisha mlo, naam, lakini mazoea ya ulimi hujengwa utotoni, na mtoto wa Kenya aliye katika shule ya bweni hula shuleni karibu miezi tisa ya kila mwaka. Mpishi wa shule, ambaye hatumtaji hata siku ya kutoa tuzo, anashika umri wa mamia ya watu katika mwiko wake.

Tufanye nini? Kwanza, jikoni. Githeri isiombewe radhi, ipikwe vizuri. Wanafunzi wana haki ya kulalamika wanapopewa mahindi magumu kama kokoto na maharagwe yanayoogelea. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha, na maji yale yakamwagwa, huiva upesi na hupunguza ile gesi inayofanya mabweni yawe mahali pa mzaha. Unga usiokobolewa ununuliwe inapowezekana, mradi mahindi yake yawe makavu. Mboga za kienyeji hustawi hata katika magunia nyuma ya maabara. Na asiyezoea nyuzinyuzi azianze polepole, anywe na maji ya kutosha, asije akalilaumu tumbo kwa pupa yake.

Pili, duka la shule. Siombi lifungwe; vijana watanunua nje ya ua. Naomba tu ndizi, chungwa, njugu na mahindi ya kuchemsha vipate rafu mbele ya biskuti. Tatu, darasani. Somo la Kilimo na Lishe lisiishie katika kuchora sahani ya vyakula. Kuanzia mwaka 2007, wataalamu walishirikiana na Waisukha wa magharibi na Wapokot kuorodhesha vyakula vyao vya asili, na wanafunzi wa shule za msingi walikuwa miongoni mwa waliohusishwa. Mwaka 2021 UNESCO iliutaja mradi huo wa Kenya miongoni mwa mifano bora duniani ya kuhifadhi urithi. Ni shule gani isiyoweza kufanya vivyo hivyo? Mpe mwanafunzi daftari aende kumwuliza nyanya yake alikula nini, alikipikaje, alikihifadhije. Atarudi na somo la sayansi, la historia na la Kiswahili kwa pamoja.

Nne, sisi walimu tujitazame katika chumba chetu. Chai ya saa nne yenye sukari vijiko vinne na mkate mweupe ndiyo desturi yetu, na wengi wetu tukihisi homa kidogo tunakimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu bila cheti cha daktari, tusijue kwamba dawa hizo huua pia mifugo ya tumboni iliyo rafiki. Hadi mwaka 2009 mwalimu wa Kenya alistaafu akiwa na miaka 55. Sasa ni 60. Tumeongezewa miaka mitano ya kushika chaki. Nani ametuongezea miaka ya kuketi kivulini tukiwa na miguu inayohisi ardhi?

Mwisho, nalirudia neno la yule kijana. Nilipopata nafasi ya kuzungumza nao alasiri ile, niliiacha insha kando kwa dakika kumi nikawasimulia habari za mwalimu wangu na mama yake. Ukumbi ulinyamaza. Kisha nikawaambia kwamba mwenzao alisema kweli bila kujua. Githeri, kunde na uji wa wimbi ni chakula cha watu wa zamani. Ndicho walichokula walipokuwa vijana, nao wakaishi hata tukapata kuwaita watu wa zamani. Anayetaka naye aitwe hivyo siku moja, na wajukuu wakiwa magotini mwake, asiisahau foleni ya kwanza.

Sijui kama yule kijana alinisikia. Lakini jioni, nilipokuwa nikiaga, nilimwona jikoni akimwuliza mpishi kama kuna kilichobaki.